Friza Namba Mbili

Nguzo iliyovunjika ilikuwa mezani, ndani ya mfuko wa nailoni wenye lakiri ya polisi. Inspekta Learco Bonfatti aliizunguka kwa mara ya tatu asubuhi ile, mikono mgongoni, kama mnunuzi wa samaki asiyetaka muuzaji ajue kuwa samaki amempendeza.

"Ukiizunguka mara ya nne itaota miguu?" aliuliza Injinia Guerzoni, mkuu wa ukaguzi wa karakana ya Malavasi. Hakuwa amelala vizuri. Hakuna aliyekuwa analala vizuri pale tangu mwezi wa pili.

"Hebu nieleze tena. Nieleze kama unavyomweleza shemeji asiyejua gari."

Guerzoni alishusha pumzi. "Nibbio ni gari la watu wanaosubiri miaka. Tunatengeneza kumi na mawili tu, basi. Injini ya silinda kumi na mbili imelala mgongoni kwa dereva, na mwili wote ni kaboni. Sasa angalia hapa nyuma. Wengine wanalibeba bawa kwa nguzo za chini. Sisi tunalining'iniza kwa juu, kwa nguzo mbili zilizopinda."

"Kwa urembo?"

"Urembo umekuja wenyewe. Upepo unaofanya kazi ni ule wa chini ya bawa. Ukiweka nguzo chini unauchafua. Tukilishika kwa juu, chini kunabaki safi, na gari linakandamizwa barabarani kwa kilo mia nane. Ndiyo maana linakata kona kwa kasi ambayo mimi na wewe tungetapika."

"Na nguzo ikivunjika?"

"Ikivunjika kwenye kilomita mia tatu na arobaini kwa saa, hakuna tena kinacholishika chini. Linaruka."

Gari namba nne liliruka tarehe kumi na tisa Februari, saa nne asubuhi, kwenye barabara ya majaribio. Ndani alikuwamo Oreste Vandelli, dereva wa majaribio wa karakana hiyo kwa miaka kumi na mitano, mtu aliyekuwa akijua jina la mbwa wa kila mfanyakazi. Walimzika siku tano baadaye, na karakana ikafungwa ili wote wakamzike.

Leo ilikuwa Jumamosi, mwezi wa tatu. Jumatatu saa sita mchana mwendesha mashtaka wa Modena alitaka ripoti mezani kwake. Kama ripoti hiyo isingekuwa na jipya, Nives Tassi, fundi aliyeitandaza kaboni ya nguzo ile kwa mikono yake, angeshtakiwa kwa kusababisha kifo. Learco alikuwa tayari amepoteza wiki nzima akimfuatilia fundi rangi mmoja aliyefukuzwa kazi kwa matusi. Fundi rangi huyo akathibitisha kwamba Desemba yote alikuwa Brazili, na picha za tumbo lake lililoungua jua alikuwa nazo hamsini.

Maabara yalisema jambo moja tu, tena kwa kurasa thelathini. Nguzo ilikuwa na tabaka ishirini na mbili za kitambaa cha kaboni. Kila tabaka ilitandazwa sawasawa, kila uzi ulielekea ulikotakiwa. Lakini tabaka hazikushikana. Kitambaa hicho huja kimeshalowekwa gundi, na gundi hiyo huishi kwenye baridi ya nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Nje ya friza ina siku kumi za uhai kwa jumla. Zikipita, hata ukiipika kwenye tanuri la shinikizo haiyeyuki vizuri wala haishiki. Gundi ya nguzo ile ilikuwa imezeeka kabla ya kupikwa.

"Jora namba mia sita na kumi na moja," Guerzoni alisema, akagonga kadi kwa kidole. "Kila jora lina kadi yake. Likitoka kwenye friza unaandika, likirudi unaandika. Kadi inasema limekaa nje masaa nane. Maabara yanasema zaidi ya siku kumi. Mwandiko ni wa Nives. Mimi sitaki kumwangushia mtu jumba bovu, Inspekta, lakini..."

"Lakini unalisukuma."

Guerzoni aliona haya.

Learco alifungua daftari. "Mlango wa friza unajiandika wenyewe kila ukifunguliwa. Mlifunga likizo tarehe ishirini Desemba, mkafungua tarehe saba Januari. Katikati hapo friza namba mbili imefunguliwa mara tatu. Tarehe ishirini na moja mchana. Tarehe ishirini na tano, saa mbili asubuhi. Tarehe sita Januari asubuhi. Nani?"

"Yeyote. Namba ya geti tunaijua sote, mpaka yule bwana wa mkate."

"Mtu anayehujumu gari anakuja saa mbili asubuhi ya Krismasi?"

"Nives anakaa mita mia mbili kutoka hapa."

"Twende kwenye friza."

Lakiri ilikuwa mahali pake. Learco aliikata, akasaini, akamfanya Guerzoni naye asaini. Mara mbili huko nyuma alikuwa amekagua majora. Safari hii aliyaacha majora, akaanza na mlango. Alipitisha kidole ndani ya mikunjo ya mpira unaouziba, pole pole, kutoka juu hadi chini. Kwenye pembe ya chini kidole kilitoka na punje ndogo za rangi ya njano.

"Vumbi la msasa," Guerzoni alisema.

"Vumbi la kaboni ni jeusi, Injinia. Hilo hata shemeji anajua." Learco alizisugua punje kati ya vidole viwili. Hakuhitaji maabara. Mama yake alikuwa akizimwaga kwenye sinia la mbao kila Desemba ili unga usishikane nalo. "Hii ni suji."

Alipiga magoti sakafuni, akamulika tochi nyuma ya rafu ya chini, pale ukuta ulipoota theluji. Kazi ya koleo ilimchukua dakika kumi. Alipoinuka alikuwa ameshika kitu kisichozidi ukucha wa kidole gumba: kipande cha unga uliosukumwa ukawa mwembamba, kimekunjwa juu ya nyama kidogo, ncha zake zimezungushwa na kubanwa. Kilikuwa kigumu kama kokoto.

Guerzoni alitoa macho. "Tortelini."

"Moja. Wenzake wameliwa."

Katika bonde lile kila nyumba hufunga tortelini, tambi zenye nyama ndani, kabla ya Krismasi, na mtu anayeziweka kwenye friza tarehe ishirini na moja na kuzitoa asubuhi ya sikukuu haumizi kichwa cha mpelelezi. Zinazobaki huliwa sikukuu ya Epifania, tarehe sita Januari. Learco alihisi aibu. Alikuwa ametazama tarehe hizo tatu kwa wiki tatu, yeye mzaliwa wa hapahapa, akiwaza wahujumu na washindani, na tarehe zenyewe zilikuwa za jikoni.

"Mtu alikosa nafasi ya masinia," alisema. "Akatoa jora moja. Angeliweka wapi?"

Guerzoni alitazama mlango wa karibu uliokuwa ukitoa joto, na uso ukambadilika. "Chumba cha boila."

"Boila mnaizima likizo?"

"Haizimwi. Mabomba yangeganda."

"Siku kumi na sita kando ya boila. Kisha akalirudisha, na hakuandika kwenye kadi kwa sababu hakujua kama kuna kadi. Ni mtu wa karakana, lakini si fundi wa kaboni." Learco alikifungia kile kipande kwenye kichupa, akakitia ndani ya kisanduku cha barafu. Kisha akageuka. "Nives anatandaza kaboni miaka ishirini na miwili. Mwezi wa kwanza hakukwambia lolote kuhusu kitambaa hicho?"

Guerzoni alipangusa miwani ambayo haikuwa chafu. "Alisema hakinati. Alisema mkono wake haukipendi. Nikaangalia kadi. Masaa nane. Nikamwambia aendelee."

"Hilo halimo katika maelezo yako."

"Hukuniuliza. Inspekta... lazima liandikwe? Weka tu kwamba sikumbuki vizuri."

"Mimi naandika kilichosemwa. Miaka ishirini na sita sijawahi kuandika kingine, na sitaanzia kwako."

Nives Tassi alikuwa jikoni kwake, amesimama mbele ya ubao mkubwa, anasukuma unga kwa kifimbo cha chapati kirefu kuliko mkono. Kabla ya kaboni alifanya kazi miaka tisa katika duka la tambi. Malavasi mzee, mwenye karakana, alimwona dirishani akitandaza chapati nyembamba ya unga, pana kama meza, bila mkunjo wala tundu, akaingia dukani kumwajiri. Tangu asimamishwe kazi alikuwa amerudia unga, kwa vile mikono ilikataa kukaa bure.

"Umekuja kunifunga pingu, Learco? Ningoje nioshe mikono." Walisoma darasa moja, cheo chake hakikuwa na maana jikoni humo.

"Guerzoni amekiri. Ulimwambia kitambaa hakinati."

Kifimbo kilisimama. "Amekiri? Yule?" Nives alikalia kiti ghafla. "Nilikiweka kitambaa kwenye kiganja, kikadondoka. Kitambaa kizuri hakidondoki. Mkono ulikataa, kadi ikakubali, na mimi nikaifuata kadi. Hilo nalijua hata wakiniachia. Ningegoma, Oreste angekuwa anakula mchana huu."

"Ushahidi wa Guerzoni peke yake hautoshi. Watasema wewe ndiye uliyekiacha nje. Lakini nimepata hiki."

Alifungua kichupa mezani. Nives aliinama kutazama. Hakukigusa. Alitazama kwa muda usiozidi pumzi mbili, kisha akakifunika mwenyewe na kukisukuma upande wa Learco.

"Kilikuwa ndani ya friza namba mbili," Learco alisema. "Ni cha nani?"

"Tortelini ni tortelini."

"Acha utani. Miaka sita umekuwa jaji wa tortelini parokiani. Masinia hayana majina, na wewe unataja mwenye sinia kabla hujaonja. Mke wangu mpaka leo hajakusamehe."

"Mke wako anazifunga kama anafunga mizigo. Hii siijui."

"Imefungwa juu ya kidole kidogo."

"Wengi wanafunga hivyo."

"Ina mkia mmoja mrefu kuliko mwingine."

"Wengi."

"Nives. Jumatatu watakushtaki."

"Najua Jumatatu ni siku gani!" Alisimama, akakishika tena kifimbo, lakini hakusukuma. "Nani mwingine ameiona?"

"Guerzoni. Na yeye hatofautishi tortelini na kifungo cha koti."

"Basi kaitupe."

Learco alikichukua kichupa. Kama mwenye tortelini ile angekuwa fundi mwenzake aliye hai, Nives angemtaja kwa jina, ukoo na matusi juu. Subira hakuwa nayo, wala hakuwahi kujifanya anayo. Mtu wa namna hiyo anakaribia kupoteza uhuru wake, anaonyeshwa njia ya kutokea, na anasema itupwe. Alimhurumia nani kuliko alivyojihurumia? Juu ya kabati kulikuwa na shada la maua yaliyonyauka, bado limefungwa kwa karatasi ya duka. Lilikuwa limepelekwa mahali, likarudishwa.

"Maua yale ulimpelekea nani?" aliuliza.

Nives alianza kukusanya unga ubaoni.

"Oreste alikuwa akileta sinia la mama yake karakanani kila Krismasi. Sivyo?"

"Ondoka, Learco. Yule mama hajabakiwa na kitu, hata kimoja. Ndiyo umpelekee na hili?"

Bi Argia Vandelli alifungua mlango kabla kengele haijamaliza kulia. Alikuwa na miaka sabini na minane, mwembamba, amevaa nyeusi, na vidole vyake vilikuwa vyembamba kuliko vyote Learco alivyowahi kuvisalimu.

"Ingia, mwanangu. Usikae kwenye kiti kile, ni chake."

Learco alikaa kwingine. Jikoni kulikuwa na picha ya Oreste ameegemea Nibbio jekundu, kofia ya chuma kwapani, anacheka na mtu asiyeonekana.

"Umekuja kuniambia yule mwanamke anafungwa," Bi Argia alisema. "Amenitumia maua, unajua? Mara mbili. Nimeyarudisha mara mbili. Angetumia akili yake kwenye kazi yake, nisingehitaji maua. Naomba Mungu anisamehe, lakini natamani aoze huko ndani."

"Bado hatujafika huko, mama. Nina maswali machache. Desemba, friza yako ilikuwa nzima?"

"Friza yangu?" Alishangaa, kisha akakaribia kutabasamu, kwa kuwa swali lilimrudisha mahali pazuri. "Ilikufa. Tarehe ishirini na moja, nimeshafunga tortelini mia sita, fikiria! Vidole vimevimba, na friza inatoa maji. Mimi nikasema nizipeleke kwa jirani. Oreste akacheka. Akasema, 'Mama, kazini tuna friza ya kulaza ng'ombe mzima.' Kabla sijafungua mdomo ameshabeba masinia, yuko garini. Alikuwa hivyo. Wazo likimjia, miguu imeshatangulia."

Kalamu ya Learco ilitembea. "Nafasi ilikuwepo huko?"

"Akaitengeneza. Alirudi ananicheka, ati tortelini zangu zimemfukuza kitandani bwana mkubwa mmoja, kitambaa cha magari. Amekitoa, zimelala mahali pake. Krismasi alizifuata asubuhi, akachukua nusu. Nusu nyingine tulikula Epifania. Akanirudishia masinia, akasema na bwana mkubwa amerudi kulala." Alipangusa meza kwa kiganja, ingawa ilikuwa safi. "Zilikuwa nzuri mwaka huu. Alikula sahani tatu. Maswali haya ya friza yana faida gani?"

"Yanamsaidia mtu asiye na kosa."

"Vizuri basi. Lete nisaini."

Sheria inataka maelezo yasomwe kwa sauti kabla ya saini. Learco alikuwa amesoma maelezo ya wezi, walevi na wajane, na hakuwahi kutamani sheria hiyo isiwepo. Leo alitamani. Alianza kusoma, pole pole, bila kuinua macho.

"Mimi, Argia Vandelli, nasema kwamba tarehe ishirini na moja Desemba friza yangu iliharibika. Mwanangu Oreste alisema azipeleke tortelini kwenye friza ya kazini. Alikitoa kitambaa cha magari kilichokuwemo, akaziweka mahali pake. Tarehe sita Januari alichukua zilizobaki, akakirudisha kitambaa..."

"Soma tena hapo."

Alisoma tena.

Bi Argia aliweka mikono yote miwili juu ya meza. "Gazeti lilisema kitambaa kiliharibika kwa kukaa nje ya baridi."

"Ndiyo, mama."

"Ndicho hicho?"

"Ndicho."

"Cha gari lake?"

"Cha nguzo ya bawa. Ndiyo."

Nje, mtu alikuwa anashusha makreti ya chupa, moja baada ya jingine. Bi Argia alisubiri mpaka amalize.

"Alijua?"

"Hapana. Madereva hawafundishwi hayo. Kwake kilikuwa kitambaa tu."

"Na yule mwanamke?"

"Aliona hakinati. Akasema. Hakusikilizwa. Tortelini moja ilibaki kwenye friza, mama. Nilimwonyesha asubuhi hii. Aliitambua mara moja, akaniambia niitupe."

Bi Argia alilia basi, bila sauti, kwa muda mrefu, mgongo umenyooka, na Learco hakujua aangalie wapi, akaangalia picha. Ilikuwa huzuni kubwa kuliko jiko lile. Alipomaliza, alinawa uso kwenye sinki, akajikausha kwa taulo ya sahani, akarudi kukaa. Safari hii alikaa kwenye kiti cha Oreste.

"Mwambie Nives asilete maua tena. Aje mwenyewe." Kisha akanyoosha kidole kwenye karatasi. "Hapo. Ulipoandika kwamba ni yeye aliyesema azipeleke. Kata."

"Ndivyo ulivyosema."

"Nimekosea. Mimi ni mzee, nachanganya mambo. Andika kwamba mimi ndiye niliyemtuma. Yeye alikataa. Alisema, 'Mama, friza ya kazini haichezewi.' Nikamwambia beba, akakataa tena. Nikamgombeza. Akaenda kwa sababu ni mtoto anayenisikia."

Learco aliitazama karatasi, kisha akamtazama mwanamke yule. Kwa Nives neno hilo halikupunguza wala kuongeza kitu. Iwe mama alimtuma au mwana alijituma, jora lilikaa kando ya boila siku zilezile kumi na sita.

"Alikataa," alisema.

"Mara mbili. Iandike hiyo mara mbili."

Alikata mstari kwa kalamu, mmoja tu, ili maneno ya chini yaendelee kusomeka kama kanuni inavyotaka. Akaandika mapya juu yake. Akamwonyesha pa kuweka herufi za jina kando ya masahihisho, na Bi Argia akaziweka. Kisha akasoma yote upya kwa sauti, kutoka juu hadi chini.

Bi Argia alisaini kwa mwandiko wa shule, mkubwa, usiotetemeka. Lakini hakuirudisha karatasi. Aliigeuza, akaisukuma mbele ya Learco, kidole chake chembamba kikiwa juu ya mstari ule.

"Soma tena," alisema. "Pale anapokataa."

Learco akasoma tena.